Mwanamke Naye Aketi Hotelini

Siku ya soko hapa Bokoli, chai ina mwenendo wake. Wanaume huifuata iliko. Wanawake hufuatwa nayo waliko. Mwanamume aliyeuza ndama wake, au hata aliyekosa mnunuzi, hujipangusa vumbi, akaingia hotelini, akavuta benchi na kuagiza chai ya maziwa kwa mandazi. Hapo atakaa saa nzima akijadili bei ya mahindi na siasa za Webuye Magharibi. Mwanamke aliyerauka alfajiri na kapu la nyanya kichwani hungoja kijana wa thamosi apite. Huinywa chai yake akiwa amechutama nyuma ya mafungu yake, na mteja akitokea, kikombe huwekwa chini kikapoa.

Nisemapo hoteli, msomaji wa mbali asidhani nasema jumba la kulala wageni. Nasema hoteli zetu hizi: kuta za mabati, meza zilizotandikwa plastiki ya maua, kabati la kioo lenye mandazi na chapati, birika na beseni la kunawia mlangoni, na ubao ulioandikwa kwa chaki kwamba leo kuna ugali kwa nyama, ugali kwa matumbo na ugali kwa mboga. Zipo Bokoli, zipo Misikhu, Chwele na Kimilili, na ukipanda hadi Kitale au ukishuka hadi mjini Bungoma utazikuta zimepangana karibu na vituo vya matatu. Mpishi ni mwanamke. Mara nyingi mwenye hoteli naye ni mwanamke. Mwosha vyombo ni msichana. Walioketi ni wanaume.

Sheria inayomkataza mwanamke kuketi humo haipo, wala hakuna kibao mlangoni kinachomfukuza. Mjini, karani wa benki na muuguzi huingia mchana wakala na kutoka bila kutazamwa mara mbili. Lakini huku sokoni, mama aliyeolewa akionekana peke yake mbele ya sahani ya hotelini, swali huulizwa kwa sauti ya kusikika: "Huyo naye hana jiko kwake?" Baadhi ya hoteli zina chumba cha ndani chenye pazia, na mwanamke anapoingia mhudumu humwonyesha pazia hilo kwa kidole kabla hajatamka neno, kana kwamba amekuja kudungwa sindano.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na siku za soko huuza njugu. Nimekuwa nikiketi kwenye meza ya mbele, karibu na mlango, kwa miaka kadhaa sasa, na ningependa kueleza ninachokitafuta pale, maana wengi hudhani ni ulafi. Nyumbani kwangu kuna majani ya chai, kuna maziwa na sukari. Ninachokinunua hotelini ni kuandaliwa. Kwa nusu saa mtu mwingine ndiye anayepuliza moto, mtu mwingine ndiye anayeuliza kama sukari imetosha, na kikombe kikiisha huondolewa na mkono usiokuwa wangu. Mwanamke aliyepika tangu ana miaka minane anaijua thamani ya jambo hilo. Kisha kuna kutazama watu. Kuna kusikia habari zikiwa bado moto, kabla hazijachujwa na mume aliyezileta nyumbani jioni. Yote hayo kwa kikombe cha chai na mandazi mawili, gharama isiyofika shilingi 50.

Watakaosema kwamba haya ni kinyume cha mila wana mila moja ya kukumbuka. Kwa Wabukusu, kama kwa Waluhya wengine, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Kuku huyo alimfuga yeye, akamlisha yeye, akampika yeye kwa ajili ya mgeni, na firigisi, yaani imondo, ikawekwa mbele ya mwenye nyumba. Mpishi alibaki na harufu. Nilipokuwa msichana nilimwona bibi yangu akionja mchuzi kwa ncha ya kidole, kisha akakisugua kidole hicho kwenye leso upesi kama mtu aliyeiba. Mwiko ule haukuondolewa kwa azimio la baraza. Ulikufa polepole, nyumba baada ya nyumba, na leo katika harusi na matanga akina mama wanakula kuku hadharani, tena wengine wanachagua paja. Sijasikia mvua imekataa kunyesha.

Nguo nayo ina kisa chake, na kwangu mimi ni kisa kile kile. Mwanamke hukatazwa kula mbele za watu kwa sababu ile ile inayomfanya aulizwe: "Umevaa hivyo kwa ajili ya nani?" Mwanamume akija sokoni na koti lililopigwa pasi, kofia ya pama na viatu vinavyong'aa, husemwa ni mtu wa heshima. Mkewe akivaa rinda la buluu lenye mkanda, hereni na viatu vya kisigino kifupi, kuna anayetaka kujua fedha zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye turubai la mitumba, bwana, ambako hata wewe ulilipata koti lako. Na hapa sharti niseme kwamba kuchagua mtumba ni taaluma. Robota linapofunguliwa asubuhi, wanaofika mapema ndio wanaopata zile nguo bora ambazo wauzaji huziita kamera. Wanaochelewa hupekua lundo. Mwanamke anayejua kazi hiyo hatazami rangi kwanza. Hutazama ukosi na kwapa, huvuta mshono kwa vidole viwili, hugeuza rinda ndani nje, kisha huliinua juu ili jua lipite na kufichua tundu. Baada ya hapo hulipeleka kwa fundi mwenye cherehani barazani, akalipunguza kiunoni na kuliongeza upindo. Rinda lililoshonwa kwa ajili ya mwanamke mrefu wa Ulaya linatoka pale likiwa limemkaa mama wa Bokoli sawasawa. Kwa shilingi mia mbili au tatu, amejitengenezea vazi ambalo hakuna mwingine analo katika wadi nzima. Hiyo ndiyo mitindo yetu, na wanaoiita uchafu wa Wazungu hawajawahi kuona subira na akili iliyotumika.

Najua upo upande wa pili wa mtumba. Pamba ililimwa katika sehemu za Bungoma, na Malakisi kulikuwa na kiwanda cha kuichambua. Milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo za mitumba ziliingia kwa wingi huku viwanda vya nguo vikiyumba. Rivatex ya Eldoret iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 1998, na ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Ni hasara kubwa, na anayetaka kuandika juu yake aandike. Lakini mjadala huo usiishie kwenye rinda la mke peke yake. Serikali ilipozuia uagizaji wa mitumba mwaka 2020 kwa hofu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, suruali za wanaume wetu pia zilianza kuchakaa, na sikumsikia yeyote akisifu pamba ya Malakisi.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Naambiwa kwamba shilingi 50 za hotelini na 300 za rinda zingenunua unga, au zingesaidia karo. Ni kweli zingeweza. Ila naomba tuhesabu fedha zote za nyumba, za mume na za mke, kwa kalamu moja. Katika eneo hili tumelima miwa tangu Kampuni ya Sukari ya Nzoia ilipoanzishwa mwaka 1975. Mkataba uliandikwa kwa jina la mwenye shamba, na katika maboma mengi mwenye shamba alikuwa mume. Mke alipanda, akapalilia, akapika chakula cha vibarua. Malipo yalipotoka, safari ya kwenda Bungoma kuyachukua ilikuwa ya mtu mmoja, na wakati mwingine ilichukua siku tatu. Yule aliyerudi siku ya nne akinuka nyama choma hakuulizwa kama hana jiko kwake.

Nchi hii imeshalisema jambo hili kwa lugha ya sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango wa mwanandoa. Basi ikiwa mapalilio yangu ni mchango mbele ya hakimu, itakuwaje yasiwe mchango mbele ya sahani ya matumbo?

Kuna watakaoniona nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Waitazame historia ya jirani zetu. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Mwaka 1972, Idi Amin naye akapiga marufuku sketi fupi nchini Uganda. Mwaka 2014 Uganda hiyo hiyo, ambayo mpaka wake hauko mbali na sisi, ilipitisha sheria dhidi ya ponografia. Watu wakaitafsiri kuwa ruhusa ya kuwashambulia wanawake barabarani kwa ajili ya mavazi. Mahakama ya Katiba ilivifuta baadhi ya vifungu vyake mwaka 2021. Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu jijini Nairobi, na tarehe 17 ya mwezi huo mamia ya wanawake wakaandamana wakisema kwamba nguo ni yao na uamuzi ni wao. Mwezi uliofuata sheria ya adhabu ilirekebishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la kufungwa gerezani. Yote hayo yalianza na swali lile lile: umevaa hivyo kwa ajili ya nani?

Bokoli sijaona mtu akivuliwa nguo. Huku tunavuliwa kwa maneno, na maneno yakizidi mwanamke huliacha rinda sandukuni, akaja sokoni na leso iliyofifia ili asisemwe. Nawajua wanawake wenye masanduku yaliyojaa. Hulifungua sanduku siku ya harusi ya binti, wakalifunga tena.

Tena tusidanganyane kwamba kujipamba ni ugeni. Kila mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wetu wanapoingia jandoni, mvulana hutembea njia nzima na chinyimba mikononi, amevishwa shanga, na mjomba wake humvika luliki, ukanda wa nyama, shingoni. Umati humfuata ukimwimbia, na hakuna anayemuuliza amejipamba kwa ajili ya nani. Uzuri wake ni fahari ya ukoo mzima. Shanga hizo, msomaji, mara nyingi amezivua kutoka shingoni mwa dada zake na shangazi zake. Kumbe tunavyo vitu vizuri, ila tunaruhusiwa kuviazima tu.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye hoteli, hasa ninyi akina mama wenzangu: ondoeni mapazia. Mkipenda kuweka meza ya watu wanaotaka utulivu, wekeni, lakini achaguaye awe mteja. La pili ni kwa kaunti. Karani wa ushuru hupita kila asubuhi, na hambagui mwanamke na mwanamume. Risiti yangu ni sawa na ya mwenye ng'ombe. Kwa risiti hizo tunastahili vibanda vyenye mapaa, na vyoo vinavyofungika. Nataja choo makusudi. Wapo wanawake wengi ambao hawanywi chai yoyote siku ya soko, ya thamosi wala ya hotelini, kwa kuwa hawajui waende wapi baadaye.

Wachuuzi wenyewe tusingoje sana. Tatizo letu kubwa ni nani ataangalia mafungu, na dawa yake ni kupokezana. Nusu saa jirani aketi na nyanya zako, nusu saa wewe uketi na ndizi zake. Nimekwisha kupatana hivyo na mama auzaye ndizi kando yangu. Mwanzoni alikuwa akirudi upesi, mandazi yakiwa mkononi. Siku hizi hukaa hadi saa sita, hula chapati kwa maharagwe, na ameanza kuvaa miwani ya jua hata siku za mawingu.