Mkasi Wangu Usiguswe!

Mwezi huu nina kisa cha nyumbani kwangu, na wale wenzangu wenye hobi ya kushona mtanielewa haraka.

Si unajua tena, kutwa nzima uko ofisini, ukirudi kichwa kimejaa. Dawa yangu mimi ni cherehani. Vifaa vyangu ni vichache tu ila navipenda kweli: futi kamba, chaki ya kuchorea, pini, pasi, na sindano za cherehani za aina mbili, namba 14 kwa vitenge na namba 16 kwa jinzi. Sindano ikichoka inaruka nyuzi, kwa hiyo usiing'ang'anie, badilisha. Na kitenge kipya kifue kwanza kabla ya kukikata. Pamba hupungua ikilowa, usije ukashona gauni lako likaishia kwa mdogo wako!

Halafu kuna mkasi. Wa chuma, mzito, wa zamani. Huo ndio mfalme wa kabati langu.

Basi Jumamosi moja natoka saluni, namkuta Baba Neema kakaa sakafuni anafunga zawadi ya harusi, anakata karatasi kwa mkasi ule! Jamani, nilihisi moyo unashuka.

"Baba Neema, ndiyo nini hicho?"

"Karatasi tu, Mama Neema. Kwani mkasi si mkasi?"

Si mkasi! Karatasi nyingi huchanganywa na unga wa chokaa au udongo mweupe kiwandani, na huo unalika makali taratibu. Mkasi ukishakuwa butu, haukati kitambaa, unakitafuna. Lakini sikumweleza hayo. Nilinuna. Siku tatu nilimpa salamu na chakula, basi.

Siku ya nne akaniuliza kwa upole, "Hivi kweli tumenuniana kwa ajili ya mkasi?"

Hapo machozi yakanitoka. Nikamwambia mkasi ule ni wa marehemu mama. Kila Januari alikata nao sare za watoto wa mtaa mzima, na ada yangu ya shule ikatoka humo humo. Baba Neema akaniangalia muda mrefu, akasema, "Miaka sita tuko wote, mbona hukuwahi kuniambia?"

Nilikosa jibu. Kwa kweli nilitaka ajue bila kuambiwa, kisha nikamhukumu kwa kutojua.

Kesho yake aliupeleka kwa mnoa visu, akasimama pale pale mpaka ukamalizika. Akarudi pia na mkasi mwingine wa bei poa, kaufunga uzi mwekundu kwenye mpini. "Huu ndio wangu wa karatasi," akasema.

Kwa hiyo wapenzi, mwenye hobi ya kushona awe na mikasi miwili, wa kitambaa na wa mengineyo, na aweke alama. Lakini alama haitoshi. Kama kuna kitu ndani ya nyumba kimebeba historia yako, mwambie mwenzio leo, mkiwa bado mnacheka. Mimi nilisubiri mpaka nikanuna, na siku zile tatu sitazirudisha.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa!