Kadi Yake, Safari Yenu

Mwezi huu tunapanda meli. Siyo boti ya Unguja, hapana. Nazungumzia zile meli kubwa za kitalii zenye mabwawa ya kuogelea juu na abiria zaidi ya 5,000 ndani, zinazozunguka Karibiani wiki nzima huku watu wanakula na kucheza muziki. Sisi huku tunaziona zile ndogo zake zikitia nanga Mombasa au Zanzibar, asubuhi zinashusha watalii wenye kofia pana, jioni zimeshaondoka. Lakini ndugu zetu wa Houston, kule Texas, wanazipanda kama sisi tunavyokwenda Bagamoyo wikiendi. Bandari ya Galveston iko kilometa 80 hivi kutoka mjini kwao, na tangu Novemba 2022 kampuni ya Royal Caribbean ina jengo lake la abiria pale pale. Mtu anaomba likizo ya wiki moja, Jumapili yuko majini anaelekea Cozumel.

Na wachumba nao wanakwenda. Hapo ndipo maneno yanapoanzia, kwa sababu ya kitu kidogo kama kadi ya benki.

Ngoja nieleze kwa wale ambao hawajakutana nacho. Kampuni hizi zina mipango ya kuwapa marupurupu wateja wanaorudi tena na tena. Mashirika ya ndege ndiyo yaliyotuzoesha, tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake mwaka 1981. Tofauti ni kwamba ndege zilihesabu maili, meli nyingi zimekuwa zikihesabu usiku. Pale Royal Caribbean mpango unaitwa Crown & Anchor Society. Ukilala melini usiku mmoja unapata pointi 1, na ukilala kwenye vile vyumba vikubwa vya kifahari unapata 2. Kuna daraja la Gold, Platinum, Emerald, Diamond, Diamond Plus, halafu huko juu kabisa Pinnacle Club, ambako hufiki mpaka uwe na pointi 700. Diamond ni pointi 80. Piga hesabu basi: safari 12 za usiku 7 zinakupa 84. Kwa hiyo ukimwona mtu wa Diamond, jua huyo ameshalala juu ya maji karibu miezi mitatu ya maisha yake.

Na anapewa kweli. Vinywaji vinne kila siku bila kulipa, pombe ikiwemo. Kwenye meli zenye nafasi, ukumbi wao maalum wa kupumzikia. Punguzo la nauli. Foleni fupi pale wengine wanapojipanga kama wanasubiri daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Uzuri wote huo una jina la mtu mmoja. Vinywaji vile vinakaa kwenye kadi yake, na kwa maandishi havigawiwi. Ukumbi nao unaangalia kadi ya anayeingia. Kuwa chumba kimoja na mwenye kadi peke yake hakukupi tiketi. Hebu fikiria mmepanda boti ya Unguja, wewe na mchumba wako, mwenzako akapelekwa VIP kwenye viti laini, wewe ukabaki chini na mizigo na watoto wanaotapika. Mtashuka mnaongea?

Nina shosti wangu, tulisoma naye mawasiliano ya umma chuoni, sasa ni mtu wa Houston, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Alimpata bwana, Mkenya, mtu mzima aliyetulia, aliyewahi kuoa wakaachana bila vita. Wakapanga safari yao ya kwanza pamoja, wiki moja. Kampuni siitaji, maana hadithi hii ni ya watu wawili, si ya meli. Bwana alikuwa na daraja la juu na alikuwa amemwambia kwa furaha kabisa, “Ukiwa na mimi huko hutapata shida.”

Jioni ya kwanza bwana akavaa shati lake la kitani, akamwambia, “Mpenzi, nafika juu mara moja, nusu saa tu, halafu tutakula.” Shosti akasema twende wote. Mlangoni dada wa mapokezi akaangalia kadi yake, akatabasamu vizuri sana, akaomba samahani. Bwana naye, badala ya kugeuka, akasema, “Basi nisubiri, nakuja sasa hivi.” Nusu saa ikawa saa nzima na dakika zake. Siku ya tatu nikapata ujumbe: “Mwenzio nimekaa hapa kwenye ngazi kama mtoto anayemsubiri baba yake atoke baa.”

Nilicheka, sitadanganya. Lakini nilipompigia ndipo nikajua kilichokuwa kinamuuma si kinywaji. Shosti mwenyewe hanywi, akizidisha ni glasi moja ya mvinyo. Kilichomuuma ni kwamba bwana alipotoka mle ndani alikuwa na stori za watu wanaomfahamu kwa jina. Mzee mmoja wa Dallas alikuwa amemuuliza habari za mkewe, akimaanisha yule wa zamani, kwa sababu ndiye aliyemzoea. Usiku wote ule uliompa bwana kadi alikuwa ameulala na mke wa kwanza. Sasa mwanamke mpya anaambiwa furahia. Ni kama kupewa kanga ya mwenzio ukaambiwa jifunge tu, inakutosha.

Wanaume wengi niliowasimulia kisa hiki waliniuliza, “Sasa kosa lake nini? Si haki yake?” Nakubali ni haki yake. Alilipa, alisafiri, alihesabiwa. Sikubaliani hata kidogo na wanaosema mwenye kadi aikunje aiweke sandukuni ili mwenzake asijisikie vibaya. Mtu mzima anaweza kukaa saa moja peke yake na kitabu bila kulia. Ila safari ya kwanza ya wapenzi wawili ni safari ya kutambulishana. Kama kuna mlango ambao mmoja anapita na mwingine hapiti, wa kupita ndiye wa kusema mapema, nyumbani, kabla hata ya kufungasha: kuna kitu hiki, mimi naruhusiwa, wewe huruhusiwi, unaonaje? Huyu bwana alisema “hutapata shida” akaishia hapo. Kwa hiyo shosti akaja kujulishwa daraja lake na dada wa mlangoni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa watu wetu ni zito zaidi. Kampuni nazo zinajua watu husafiri na wapenzi wao, zikaweka sheria ya nani ni wako. Royal Caribbean inasema mume na mke, au wenza wa maisha, wanaokaa anwani moja, wanaweza kuunganishwa na wote wawili wakawa kwenye daraja la yule aliye juu. Watoto walio chini ya miaka 18 wanafuata daraja la wazazi. Basi, ukurasa umefungwa.

Soma tena pale penye anwani moja. Nawafahamu wanandoa wangapi ambao mume yuko Houston na mke yuko Dar akingoja viza mwaka wa pili? Ndoa ipo, cheti kipo, mahari ililipwa mpaka mbuzi wa mwisho, lakini anwani ni mbili. Mchumba wa miaka minne ambaye bado anakaa kwake kwa heshima ya wazazi naye hayumo, wakati jamaa waliohamiana miezi mitatu iliyopita wamo. Na mama mkwe je? Mama anakaa nyumba hiyo hiyo, anawalea wajukuu, ndiye anayepika, ndiye mwenye neno la mwisho sebuleni. Melini anahesabiwa mgeni. Wajukuu wa Diamond, bibi si chochote. Dada yako na mdogo wako wa miaka 20 vile vile. Familia kwa hesabu ya kampuni ni baba, mama na watoto wadogo. Hii yetu inayojaza Hiace haijaingia kwenye kompyuta.

Wapo wanaopita njia ya panya. Marafiki wawili wanaandika anwani moja na kujiita wenza. Mimi sishauri, na si kwa sababu ya kampuni. Siku mmoja wao akipata mchumba wa kweli na kutaka kumuunganisha, atamweleza nini kuhusu huyo mwenza wa maisha ambaye tayari yumo kwenye akaunti?

Kuna marupurupu ambayo hayana ubishi, yanagawanyika yenyewe. Princess Cruises kwa miaka mingi imewafulia nguo bure wateja wa Elite, daraja ambalo watu walilifikia kwa safari 15 au siku 150. Gauni lako likiingia kwenye mfuko mmoja na mashati yake, sijasikia mtu aliyeshushwa melini kwa hilo. Norwegian nayo imekuwa ikiwapa wa Platinum chakula cha jioni cha watu wawili kwenye mgahawa wa kulipia, kwa hiyo hapo hata kampuni imekubali kwamba mtu hali peke yake. Foleni ya kupanda pia, kampuni nyingi huwaacha wa chumba kimoja wapite pamoja. Kama mwenzako anakukimbia hata hapo, dada, shida si kadi.

Vinywaji ndiyo kichwa kinauma. Kule Royal Caribbean na Carnival, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe cha kunywa utakavyo, kwa kawaida watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Sababu iko wazi, wanaogopa mmoja anunue wanywe wawili. Sasa mchukue bwana wa Diamond ambaye vinywaji vinne vya bure vinamtosha kabisa, na mchumba anayetaka zile zenye mwavuli mdogo juu, kutwa nzima. Akinunua yeye, bwana naye analazimika kulipa, na ile bure yake imekwenda na maji. Hapa pana njia mbili tu za kiungwana: mchumba alipie glasi moja moja, au anayetaka kifurushi achangie cha mwenzake. Hili liongeeni kabla ya kulipa nauli, maana likianza mbele ya kaunta lazima mmoja aonekane mchoyo.

Na punguzo la nauli! Hili watu hawalisemi. Mara nyingi linakatwa kwenye bei ya chumba, siyo ya kichwa. Tuseme chumba ni dola 1,600, kadi yake imekata 200, kimebaki 1,400. Mkigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atoe 700. Wapo wanaomwambia mwenzao atoe 800 ya bei ya zamani, wao watoe 600, kwa hoja kwamba kadi ni yao. Kwa marafiki nakubali, ilimradi kisemwe. Kwa wapenzi, mimi ningeiona hiyo 200 kila tukikaa kula.

Kwa wale wa makundi, mashosti sita wa kikoba wanaosafiri pamoja na mmoja wao ndiye mwenye kadi, sheria yangu ni fupi: msimgeuze mtumishi. “Hebu tuchukulie kahawa kule kwenu.” “Hebu waulize wale wanakujua.” Mpaka siku ya tatu yeye ndiye amechoka kuliko wote. Akitaka kukaribisha atakaribisha.

Jambo la mwisho ni la pesa na linakuja kwa kasi. Mwaka 2025 Carnival ilitangaza kwamba mpango wake wa zamani, uliohesabu siku za baharini, ungepisha mpango mpya kuanzia Juni 2026, unaohesabu kiasi mteja anachotumia. Siku za baharini zilikuwa na haki fulani: mnalala wawili, mnaamka wawili, kila mmoja anaandikiwa zake, hata kama nauli alitoa mmoja. Pesa ina mwenyewe. Kwa hiyo wale mnaosafiri kwa mtindo wa “wewe lipia chumba, mimi nitalipia matembezi ya nchi kavu,” kabla ya kutoa namba ya kadi ya benki mwulizeni wakala wa safari swali moja: pointi za chumba hiki zinaandikwa kwa nani? Na kama mmeoana na anwani zenu ni moja, ombeni akaunti ziunganishwe wiki kadhaa kabla ya safari, msingoje mpaka mfike kaunta ya bandarini.

Shosti wangu na bwana wake walikwenda tena, Desemba. Bado hawajaunganisha chochote, anwani ni mbili. Safari hii bwana alikwenda ukumbini mara mbili tu katika usiku saba, shosti akiwa saluni ya melini, ambako, aliniambia, wanasuka vibaya na bei ni ya wizi.