Baada ya miaka 49, nani anamuuliza mama hali yake?

Kati ya Novemba 2012 na Mei 2014, watafiti walipita vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga wakiandikisha wajawazito. Walipomaliza walikuwa na wanawake 8,246. Walitaka kujua kama klorini ya kutibu maji, vyoo bora, kunawa mikono na lishe ya nyongeza vingepunguza kuhara na kusaidia watoto kukua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kuhara hakukupungua, ila watoto waliopata lishe ya nyongeza walikuwa warefu kidogo kuliko wenzao. Kazi hiyo ilifanywa kwa makini, na majibu yalitolewa waziwazi hata pale yalipovunja moyo. Naisifu. Lakini matokeo makuu yaliyopimwa yalikuwa mawili: kuhara kwa mtoto na kimo cha mtoto. Akina mama zaidi ya elfu nane walifungua milango, wakajibu maswali, wakakaribisha wageni mwaka baada ya mwaka, na afya yao wenyewe haikuwa swali kuu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Webuye. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika zahanati na vituo vya afya vya Trans Nzoia, na sasa nalima mahindi Kiminini. Sitaki hata shilingi moja ipunguzwe kwenye utafiti wa watoto. Nataka mama naye aulizwe, na aendelee kuulizwa hata akishamaliza kuzaa.

Tazama utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, KDHS, wa mwaka 2022, ambao serikali huutegemea inapopanga huduma. Wanawake waliohojiwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49. Wanaume, 15 hadi 54. Sababu inaeleweka: tafiti za aina hii zilianza kwa kupima uzazi. Hata hivyo, mwanamke wa Chwele akishatimiza miaka 50, dodoso linampita, na mume wake wa miaka 53 anaweza kuketishwa kitini na kuhojiwa.

Na huo ndio umri ambao mengi huanza. Mama amezaa mara saba, amelima kwa jembe, amebeba magunia ya mahindi tangu usichana wake. Kizazi kinashuka. Mkojo unamtoka akikohoa, anaacha kwenda kanisani kwa kuogopa harufu. Wanawake wa rika langu hunieleza hayo kando, chama kikishafunga kikao, wakiwa wamenishika mkono. Mwingine hutokwa na damu ya mwezi siku kumi mfululizo kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Kituoni huandikiwa upungufu wa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma na kurudi nyumbani na uvimbe wake. Halafu kuna kukoma kwa hedhi. Katika maeneo ya malaria kama Bungoma, mtu akisema usiku anashikwa na joto na kulowa jasho, wazo la kwanza ni malaria. Nimewaona wanawake waliokunywa dawa za malaria tena na tena, za kununua dukani bila kupimwa, wakati mwili ulikuwa unaacha hedhi tu. Ni wangapi? Daftari za kituo hazikunipa jibu, maana anayeficha aibu yake nyumbani haingii kwenye daftari.

Kutomhusisha mwanamke mapema katika utafiti kuna gharama, na tuliilipa mwaka 2018. Dolutegravir, dawa bora ya virusi vya UKIMWI, ilikuwa imefika Kenya. Kisha takwimu za awali kutoka Botswana zikaleta hofu ya kasoro za uti wa mgongo kwa watoto. Wanawake wenye uwezo wa kushika mimba wakaambiwa wabaki na dawa ya zamani, efavirenz, huku wanaume wakihamishiwa dawa mpya. Julai mwaka huo wanawake wa Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali wakadai wapewe taarifa na wachague wenyewe. Takwimu zaidi kutoka Botswana zilionyesha kuwa hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegravir kwa wote. Kama wajawazito wangalishirikishwa ipasavyo katika majaribio tangu mwanzo, hofu ile ingalipata majibu mapema.

Swali sahihi likiulizwa, majibu huja. Wakunga tulizoea kukadiria kwa macho damu inayomtoka mzazi, na macho hudanganya. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko wa vipimo, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara damu ilipozidi. Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa madhara makubwa ya kuvuja damu, kikiwemo kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari!

Hapa kwetu msingi wa kumuuliza mama upo. Trans Nzoia palifanyika jaribio la vyama vya wajawazito na wazazi, likiwahusisha watafiti wa AMPATH na Chuo Kikuu cha Moi: akina mama waliweka akiba na kujifunza afya pamoja. Chama cha akina mama hakivunjiki mtoto akianza shule, kwa hiyo watafiti wanaweza kurudi. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanazunguka nyumba kwa nyumba na simu za kuandikia taarifa. Wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, Kitale na Webuye wanahitaji mada za utafiti. Pesa pia zina sheria yake: ya mwaka 2013 inatenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, kiwango ambacho hatujawahi kukifikia.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zisingoje Nairobi. Zianze na Kiminini na Webuye Mashariki, na kila mwanamke aliyepita miaka 40 aulizwe maswali manne: Kuna kitu unakihisi kinashuka ukeni? Mkojo hukutoka bila kutaka? Damu yako ya mwezi hudumu siku ngapi, au ilikoma lini? Usiku unalala? Anayejibu kwamba ana shida apewe siku ya kliniki na nauli ya kufika, na majibu yote yasomwe hadharani katika baraza la chifu kabla hayajachapishwa kokote.