Mama Muuza Mitumba, Banda Lako Limezoeleka

Leo twaongea na akina mama wanaouza nguo za mitumba, hasa ninyi wa Shanwe na kata nyingine za Mpanda. Nanyi wengine msifungue haraka ukurasa wa pili. Hata auzaye vyombo au viatu ataokota neno lake hapa.

Umenunua robota, au belo kama wasemavyo siku hizi. Kwa kawaida lina kilo 45. Fedha pengine umekopa katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa, na siku ya kurudisha imeandikwa daftarini. Siku ulipolifungua watu walikuja mbio, wakagombea gredi ya kwanza, nawe ukafurahi. Siku ya tatu wakapungua. Sasa ni wiki ya tatu. Zimebaki sketi na mashati, na wapitao njia hawageuzi hata shingo. Nguo ni zile zile, hazikuoza. Macho ya watu ndiyo yaliyochoka. Wamekwisha kuliona lundo lako mara kumi, nao wadhani wajua kila kilichomo. Basi wapunguza bei, kisha wapunguza tena, na ada ya mtoto yaliwa na punguzo hilo.

Kabla hujapunguza bei mara nyingine, fanya kazi moja isiyotaka hata senti. Toka bandani. Vuka njia, simama pale abiria wa bodaboda anaposhukia, ukatazame banda lako kama mgeni. Waona nini? Mara nyingi utaona turubai, miguu ya meza, na lundo. Jirani zetu wa Zambia huziita nguo hizi salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua lundo na kuchagua. Nasi ndivyo tulivyozoea, kila mtu na apekue. Lakini mtu apekuaye lundo ana bei ya lundo kichwani mwake. Gauni lile lile ukilifua, ukalipiga pasi, ukalitundika peke yake mahali penye nafasi, ataliuliza bei kwa sauti nyingine kabisa.

Utauliza, fikira mpya nitazipata wapi, nami sijafika Dar es Salaam kuona maduka ya vioo? Zipo hapo hapo unapoishi.

Tazama mwenye duka la khanga. Hazirundiki. Huzikunja hata pindo likaonekana, na jina lisomeke kwa mtu aliye mbali. Maana yake amejua ni kitu gani katika nguo kinachomvuta mnunuzi, akakiweka mbele. Nawe fanya hivyo. Blauzi yenye shingo nzuri, ionyeshe shingo. Sketi ya marinda, iache ianguke marinda yake yaonekane, usiikunje mara nne kama shuka. Koti lenye bitana nzuri, lifungue kifua.

Tena tazama kanisani. Ninyi mnaopamba altare mwajua kwamba rangi hubadilika na vipindi: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani siku za kawaida. Mtu akiingia tu, kabla ya kusikia neno lolote, anajua kwamba kipindi kimegeuka. Sisemi ufuate rangi hizo bandani, hapana. Nasema ujifunze kuchagua rangi moja. Wiki hii toa lunduni kila kilicho cha bluu, gauni, shati, sweta la mtoto, hata mkoba, ukitundike mbele pamoja. Wiki ijayo weka manjano. Nguo zilizolala mwezi mzima chini ya nyingine zitaonekana kama zimeshuka jana kutoka garini. Mpita njia atasema, "Ala, umeleta mzigo mpya?" Hapo usiseme uongo. Mjibu, "Karibu utazame," naye atatazama.

Kisha fuata kalenda ya watu wa huku kwetu. Januari mzazi wa Mpanda hatafuti gauni la sherehe. Anatafuta shati jeupe la shule na viatu vyeusi. Juni na Julai asubuhi zina baridi, na fedha za mavuno zaanza kuingia nyumbani. Masweta na makoti yasijifiche nyuma wakati huo. Novemba mvua zikikaribia, toa makoti ya mvua na viatu vya mpira. Na parokia yako ikitangaza siku ya Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, kusanya magauni meupe mapema, uyafue, uyaning'inize juu mahali pasipofika vumbi. Mama mwenye binti atayaona akiwa ng'ambo ya njia. Nguo zisizo na msimu wake zirudi gunia hadi zamu yake. Banda lililojaa kupita kiasi halionyeshi kitu.

Liko jambo la nguo za mitindo ya kale. Zamani mitumba iliitwa "kafa Ulaya", kana kwamba kila shati limevuliwa kwa marehemu. Hata Ghana wana neno lao, obroni wawu, mzungu amekufa. Ndiyo maana wengi walinunua kwa kuona haya. Siku hizi kijana wa mjini atafuta hasa koti la ngozi lililozeeka au suruali pana ya miaka ya 1970, kwa kuwa mwenzake hana. Basi usizitupe katika fungu la mwisho. Zitengee kona yake. Pitisha ufito wa mwanzi, tundika chache tu, tano au sita. Chini yake tandika mkeka, na ukutani weka ungo au kikapu cha zamani. Vitu vya nyumbani kwetu huvipa vya ugenini sura nzuri, wala hulipi kitu. Mimi napenda kona hiyo kuliko sanamu za plastiki zisizo na vichwa. Watoto wengine huziogopa.

Angalia jua. Jua la kiangazi hula rangi, hasa nyeusi na nyekundu, na shati lililotundikwa jua kali kwa majuma mawili huwa na bega moja jeupe. Za rangi kali zikae kivulini, nyeupe zikae mbele. Kung'uta vumbi kila asubuhi kabla hujafungua. Jioni ukitaka mwanga, tumia taa ya betri au ya sola, usiweke chemli wala mshumaa karibu na nguo. Sote twakumbuka soko la Karume kule Dar es Salaam lilivyoteketea Januari 2022, na watu wakalala na mtaji wakaamka hawana.

Neno juu ya uaminifu, maana mapambo yana kishawishi chake. Waijua hila ya fungu la nyanya, kubwa juu na zilizopondeka chini. Usigeuze upande wenye doa ukutani, ukamwacha mwenzako auone nyumbani. Kifungo kilichokatika kishone, uzi na sindano unavyo. Doa lisilotoka litaje mwenyewe, na bei iwe yake. Shanwe si mji mkubwa, na mnunuzi aliyedanganywa leo atakutana nawe kesho kisimani au kanisani. Na nguo za ndani zilizovaliwa usiziweke kabisa. Shirika la Viwango, TBS, limezikataza kwa ajili ya afya.

Anza Jumamosi hii jioni. Toa kila kitu, fagia, panga upya, kisha vuka tena njia utazame. Nawe ukishatundika ungo wako, uwe tayari, kwa maana huenda mteja wa kwanza akaacha magauni yote akauliza bei ya ungo. Kama ni wa mama mkwe, sema mapema kwamba hauuzwi.