Wauguzi wetu wafundishwe kusikiliza

Ndugu zangu wa Kindu, wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Mama anaingia kituo cha afya. Moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, usingizi hapati. Muuguzi anaandika malaria kwenye fishi, anampa vidonge, anaita mwingine. Mama hakuulizwa, naye hakusema, kwamba tangu watu wa sokoni waanze kuitazama pua yake na kumuuliza kwao ni wapi, analala na nguo za safari mwilini.

Tusifichane. Juni 2022, pale Kalima, humu humu Maniema, umati ulimuua mtu ukauchoma mwili wake, kwa kuwa alionekana Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo. Wenye sura kama yake bado wanaishi kati yetu. Walioshuhudia pia wapo.

Chuki hii ina mizizi, na sisi wenyeji tunaijua. Kuanzia Oktoba 1998 mji huu ulitawaliwa na waasi wa RCD, waliosaidiwa na Rwanda. Mwaka 2002 wapiganaji wa Mai-Mai wakauzingira. Kwenda shambani kutafuta muhogo kukawa kuhatarisha roho, wanawake wakabakwa, njaa ikaingia nyumbani. Vita vilipokwisha, nani alikaa na mama zetu akawasikiliza? Hofu ya wenye bunduki ikahamia kwa jirani anayefananishwa na watawala wale, asiye na hata kisu. Kwa hiyo nasema wote wawili ni wagonjwa wetu: anayechukiwa, na yule ambaye hofu yake imeoza ikawa chuki. Muuguzi naye ni mtoto wa Kindu, ana yake moyoni. Asipofundishwa kuyatambua, mgonjwa atayasoma usoni mwake kabla hajafungua kinywa.

Tusingoje madaktari wa akili kutoka Kinshasa. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida kutibu maradhi ya akili. Tuuombe, na walimu wa shule zetu za wauguzi, ISTM na ITM, waongeze humo hofu na chuki zetu hizi, kwa majina yake.

Makanisa na misikiti, changeni nauli ya mtumbwi ya muuguzi wa Alunguli atakayevuka mto kwenda kujifunza. Na wewe, wiki hii, nenda kituo cha kartie yako uulize: hapa nani amefundishwa kusikiliza? Wakijibu hakuna, andikeni barua, mtie sahihi watu kumi, mkamkabidhi daktari mkuu wa zone ya afya mkononi.