Mtihani Upandishwe Mlimani

Hapa Lukozi hakuna anayepinga leseni. Tulimalize hilo mapema, maana kila tukinung'unika tunaambiwa watu wa milimani hatupendi sheria. Tunaipenda sana. Sisi ndio abiria wa hizo bodaboda, na mama zetu ndio wanaokaa juu ya magunia ya viazi Canter ikiteremka Soni kwenda Mombo. Kero yetu ni njia ya kuifikia hiyo leseni. Aliyeipanga bila shaka anakaa tambarare.

Kijana amepata pikipiki ya mkataba. Anatakiwa awe na namba ya NIDA, halafu TIN, hata kama biashara yake ni jembe tu. Anakata leseni ya kujifunzia kwa shilingi 10,000, nayo inadumu miezi mitatu. Bado ada ya chuo cha udereva, bado mtihani wa trafiki. Akifaulu, TRA inamkatia leseni kamili kwa ada yake. Tangu bajeti ya 2019 leseni hiyo inakaa miaka mitano badala ya mitatu, na bei ikapanda kutoka 40,000 hadi 70,000. Ukigawa kwa mwaka, nyongeza ni ndogo mno, kwa hiyo wapiga hesabu wa Dodoma wako sawa. Ila sisi hatulipwi kwa mwaka. Tunalipwa kabichi zikikubali, na zikikubali kwa wote bei inaanguka. Ile ada inatakiwa yote, kwa mpigo.

Mwaka 2021 serikali ikashusha faini za bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000. Tulishangilia, kwa nini tusishangilie? Kisha vijana wakakaa kijiweni wakakokotoa: faini saba ndiyo leseni moja, bila kuhesabu chuo wala nauli, na trafiki haonekani kila siku njia ya Mtae. Wengine wameishia hapo hapo. Hatuwasifu, na siku mmoja wao akianguka na mtoto wa mtu tutalia sote. Lakini hesabu hiyo hawakuitunga wao.

Nauli nayo ina kisa chake. Unaacha karoti shambani, unashuka mjini alfajiri, unapanga foleni, ukifika dirishani unaambiwa mtandao hauko, njoo kesho. Kesho ina nauli yake.

Kinachotuuma zaidi ni mafunzo yenyewe. Mwanafunzi anakariri kipilefti na taa za kuongozea magari, vitu ambavyo Lukozi havipo, na ni vizuri avijue, maana ipo siku atafika Dar. Ila nani anamuuliza afanye nini akikutana na Fuso kwenye kona nyembamba, ukuta wa mlima huku, korongo kule? Nani anamfundisha kuteremka na gia ndogo asikanyage breki mpaka zichemke, au asitoe gia ili kubana mafuta? Elimu hiyo huku anayo utingo. Mtazameni gari likisimama kwenye kilima: anaruka kabla halijatulia, kabari mkononi, anaichomeka nyuma ya tairi, anagonga bodi mara mbili, dereva anabalansi klachi, gari linang'oka, naye anaokota kabari yake na kulikimbilia. Baada ya misimu kadhaa anapewa usukani usiku, kimyakimya. Anaijua barabara kuliko sisi sote, lakini kisheria si dereva. Na kuna mwenzake ambaye cheti kilitangulia mafunzo, hajawahi kupandisha hata mzigo wa majani ya ng'ombe, lakini leseni anayo mfukoni. Kizuizini huyo anapita.

Hatuombi kupunguziwa mtihani. Uongezwe, na uwe wa huku. Aliyesomea miteremko apimwe kwenye miteremko, na utingo apate njia ya kuhesabiwa alichokwisha kujifunza badala ya kuanza na wasiojua klachi iko wapi. Ada ya leseni ilipwe kwa awamu, kama tunavyolipa mikataba ya pikipiki. Na siku ya gulio, walau mara moja kwa mwezi, wenye mihuri wapande huku na meza yao. Watu watakuwepo, pesa itakuwepo, na chai tutawapa. Ya kunywa.