Nchi Haitwaliwi kwa Kupakwa Rangi

Mchezo ni chombo cha malezi. Kila jamii huwafunza vijana wake, kwa njia ya michezo, yale inayoyaamini juu ya nguvu na haki. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuitazama kwa makini michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hushika dola nzima, akaunda majeshi na kuteka nchi za wengine. Wako wasemao kwamba huo ni mchezo tu. La hasha! Hayo ni maelezo ya historia yaliyovikwa vazi la burudani.

Tuutazame mchezo uitwao Victoria 3, uliotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Paradox ya Sweden, unaohusu miaka ya 1836 hadi 1936. Jamii zisizokuwa na serikali kuu zimo katika ramani yake, nazo zaweza kuasi. Lakini mchezaji haruhusiwi kuzishika. Mkoloni humega ardhi yao kidogo kidogo, na rangi yake ikaenea. Wanaotawaliwa wamepewa hasira, hawakupewa akili.

Sasa tuipime kanuni hiyo kwa mambo yaliyotukia Singida. Wanyaturu hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Mambo yao yaliamuliwa katika koo. Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, lakini boma si utawala. Iliwabidi kuteua majumbe na kutoza kodi ya nyumba, iliyoanza katika koloni mwaka 1898. Hata hivyo, mnamo mwaka 1908 Wanyaturu waliwapinga wakiongozwa na mwanamke, Liti Kidanka, ambaye wazee husimulia kwamba aliwatuma nyuki wakawashambulia askari. Msomaji asiharakishe kuicheka habari ya nyuki. Aliyeweza kuziunganisha koo zisizo na mfalme alikuwa na mamlaka ambayo boma halikuwa nayo. Ni kanuni gani ya mchezo inayoyapima mamlaka hayo?

Hata penye mji mkuu, hesabu hiyo hupotoka. Kalenga, ngome ya Wahehe, ilianguka Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kupigana mpaka mwaka 1898. Mtungaji anayehesabu ushindi kwa kuanguka kwa ngome angevifunga vita hivyo miaka minne kabla ya wakati wake.

Hatusemi vijana wakatazwe kucheza. Tunasema vijana wetu wanaojifunza kutunga programu watunge michezo yenye ukweli zaidi: kuteka kuwe jambo moja, na kutawala jambo jingine, kila jumbe, kila mkalimani na kila kodi iwe na gharama yake kwa mtawala, na waliotekwa nao wawe na zamu ya kucheza, kama alivyokuwa nayo Liti. Walimu wa historia nao wawaulize wanafunzi, mbele ya kila ramani ya namna hiyo: ni nani aliyenyimwa zamu, na ni nani aliyemnyima?